Kazija katika Nchi ya Mabega

Hakuna mtu aliye hai anayeijua nchi ya Hiarini kama ninavyoijua mimi. Nazijua sheria zake, vikao vyake, majina ya wakubwa wake na hata harufu ya ofisi zao. Kweli, sijawahi kuikanyaga. Aliyefika huko ni Kazija, na mimi nilikaa naye jikoni siku nne akinisimulia huku namenya viazi, na katika hizo siku nne, moja nzima nilisinzia. Kwa hiyo palipokuwa na tundu nimepaziba mwenyewe, na kiraka changu huwa hakionekani ukisoma upesi.

Jinsi alivyosafiri sitaeleza. Anayetaka habari za njia na aende akawaulize madereva. Nitaeleza kilichompeleka. Kazija ni mkuu wa Kikundi cha Faraja, kikundi cha mtaani kinachowahudumia wagonjwa wasioweza kuinuka kitandani: kuwaogesha, kuwageuza wasipate vidonda vya mgongo, kuwalisha uji kwa kijiko. Wote wanaofanya kazi hiyo wanajitolea. Walikuwa ishirini na sita. Mwaka ule wakabaki wanne, na mmoja wa hao wanne alikuwa Kazija mwenyewe, ambaye kazi yake ni kuhimiza. Aliposikia kwamba iko nchi ambako aliyejitolea hajawahi kuacha kazi, hata mmoja, alijifunga kitenge, akachukua daftari, akaenda kujifunza.

Hiarini ni nchi ya vilima na makorongo. Gurudumu halipiti. Nyumba ya matibabu iko moja tu, juu ya kilima cha mwisho, na kila mgonjwa hana budi kubebwa kwa machela, apandishwe, ateremshwe, apandishwe tena, mwendo wa nusu siku. Wanaobeba wanaitwa Mabega. Juu ya Mabega wako wakubwa wa chama, nao wanaitwa Mioyo. Mabega wanabeba, Mioyo wanaona huruma. Ndivyo katiba yao inavyosema ukurasa wa kwanza, na hakuna mtu kule anayeiona ajabu.

Aliyempokea alikuwa Moyo Mwinyikai, Mwangalizi Mkuu wa Machozi, mtu mnene wa sauti laini, mwenye mabega membamba kama ya kuku aliyenyonyolewa.

"Kwetu Bega haachi," alimwambia. "Na si siri. Nyinyi mnawapataje watu wenu?"

"Tunatangaza mtaani," alisema Kazija. "Anayetaka anajiandikisha."

Mwinyikai alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyevaa gauni ndani nje. "Anayetaka! Mama, anayetaka leo kesho hataki. Sisi hatumwandikishi anayetaka. Tunamwandikisha anayelia."

Kazija aliandika hilo kwenye daftari, ingawa hakulielewa.

Siku ya pili akapelekwa msibani ili alielewe. Marehemu alikuwa kijana aliyeanguka kutoka juu ya paa akiwa anaezeka nyumba ya jirani. Watu walijaa mpaka uani. Na katika watu wote wale hapakuwa na jicho lililolowa. Mama wa marehemu alikaa mkekani akiukodolea macho msumari uliokuwa ukutani, vidole vyake vikichomoa ukili mmoja mmoja, na pale alipokaa mkeka ulikwisha kuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Dada zake walikuwa wakisemeshana habari za bei ya maharage, kwa sauti ya juu, kama wanaogombana. Kwenye kila mlango alisimama Mwangalizi, na pembeni yake mti wa machela umeegemezwa ukutani, tayari.

Sheria yenyewe ni hii. Chozi ni ushahidi wa moyo. Mwenye moyo ana haki ya kubeba, na haki haikataliwi. Kwa hiyo anayelia msibani anatwishwa mti palepale, na tangu siku hiyo ni Bega.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na jiko alijipangusa kope. Haraka tu, kwa kidole kimoja. Mwangalizi akamfikia kabla hajakishusha kidole.

"Ni moshi huu, bwana!" alisema yule mzee, jina lake Kitwana.

"Moshi unaelekea huku, mzee wangu. Wewe umekaa kule."

"Basi ni pilipili."

"Pilipili haijatiwa bado."

Wakamwekea mti begani. Mkewe, aliyekuwa upande wa wanawake, alisema bila kugeuka, "Nilikwambia usije. Nilikwambia udanganye unaumwa tumbo."

Kazija alimnong'oneza Mwinyikai, "Lakini hamwoni kwamba watu wataacha kulia?"

"Wameshaacha," alijibu Mwinyikai, kama anayetoa habari za ukame. "Ndiyo maana tuna upungufu mkubwa. Sasa tunafikiria kuweka Waangalizi kwenye arusi. Kuna mama za bibi arusi, unajua, hawajizuii."

Kazija alipewa malazi kwa Nyamvula, mwanamke mwenye umri kama wake, Bega wa mwaka wa ishirini na moja. Jambo la kwanza aliloliona kwake lilikuwa namna anavyoinuka. Alishika nguzo ya mlango, akajivuta, akafika nusu, akangoja. Alingoja pale akiwa amepinda, uso mtulivu, kama mtu anayesubiri foleni isogee. Kisha akamalizia.

"Mgongo?" aliuliza Kazija.

"Mgongo ulikuwa zamani, shoga. Siku hizi sijui ni kitu gani."

Wakanywa chai. Nyamvula akamweleza kwamba yeye aliandikishwa kwenye maziko ya mumewe mwenyewe. "Sheria naijua, nimezaliwa nayo. Nilijifunga hasa. Nilipita kwenye kumkosha, nikapita kwenye kumtoa nyumbani, macho makavu kama mchanga. Sasa shemeji yangu akaja amebaki na kofia ya marehemu mkononi, hajui aiweke wapi. Anaizungusha tu. Anaizungusha." Akajiongezea chai. "Mti niliwekewa kabla watu hawajakunja mikeka."

"Na yule mama wa jana? Yeye atalia lini?"

"Mvua ikinyesha," alisema Nyamvula. "Kwetu mvua ikinyesha watu wazima wanatoka nje. Hujaona? Utaona."



Asubuhi moja Kazija alifuatana na Mabega kazini. Mgonjwa alikuwa babu mmoja mwenye jipu la paja, na Nyamvula alikuwa mbele ya machela, nyuma yake yule Kitwana wa moshi, siku yake ya kwanza. Sheria ya pili ya Hiarini inakataza Bega kufundishwa. Mioyo wameieleza vizuri: anayefundishwa atajua, anayejua atauliza, na kuuliza ni mwanzo wa kutaka. Bega safi huingia mikono mitupu, na moyo humwongoza. Wangapi wameanguka na wagonjwa makorongoni wakiongozwa na moyo, hilo haliandikwi popote, maana kitabuni hapana nafasi yake.

Kitwana alikuwa akitembea sawasawa na Nyamvula, mguu kwa mguu kama askari, na machela ikawa inabembea, na babu akaanza kugeuka rangi.

"Usiende sawa na mimi," alinong'ona Nyamvula. "Nikitoa wa kulia, wewe toa wa kushoto. Tukienda sawa inabembea, mgonjwa anatapika. Na tukiteremka, mrefu anakwenda mbele. Tutabadilishana pale kwenye jiwe."

"Sawa. Sasa mbona unanong'ona?"

"Kwa sababu nakufundisha."

Babu akasema kutoka kwenye machela, macho kayafumba, "Sema tu kwa sauti, mwanangu. Mimi sijasikia kitu."

Kitwana akabadilisha mguu, machela ikatulia. Kazija, aliyekuwa akifuata nyuma na daftari lake, aliona kwamba mwanamke yule alikuwa anajua kazi ile kama fundi anavyoijua randa: mahali pa kufunga kanga kifuani kwa mgonjwa asiteleze, mahali pa kupumzisha miti kwenye mwamba bila kuinama, sauti ya kumsemesha mgonjwa ili asitazame chini. Ujuzi wa miaka ishirini na moja, na ulikuwa unapita kwa minong'ono kama umbea.

Juma lililofuata alialikwa kwenye kikao cha Mioyo. Mjadala ulikuwa wa chakula. Mabega hutoka alfajiri na kurudi jioni, na baadhi yao walikuwa wameanza kuanguka njiani, jambo lililokuwa likiwachelewesha wagonjwa. Moyo mmoja kijana alipendekeza wapewe mihogo ya kuchemsha mchana. Kikao kikachafuka.

"Akila kwetu, amejitoleaje?" aliuliza mmoja. "Huyo si atakuwa amekuja kula?"

"Asipokula ataanguka," alisema kijana.

"Ataanguka kwa hiari yake. Hiyo ndiyo heshima yake, na wewe unataka kumnyang'anya kwa muhogo."

Ndipo Mwinyikai akawakumbusha kwamba suala hilo lina kamati tayari. Kamati ya Chakula iliundwa miaka mitatu nyuma, wajumbe tisa, na kazi yake ni kuchunguza kama chakula cha mchana hupunguza huruma. Kwa kuwa haikuwa haki kuwajaribia Mabega, wajumbe walijitolea kujijaribia wenyewe. Kila siku saa saba wanakula, kisha wanakaa kivulini na kupimana huruma. Matokeo bado. Mwenyekiti wa kamati alisimama kutoa taarifa, akalegeza mkanda kwanza, akasema wameshajaribu muhogo, ndizi na wali, na sasa wanaomba waongezewe muda kwa ajili ya nyama. Wakaongezewa.

Kazija alicheka kwa ndani. Kisha akakumbuka kwamba mikutano ya Kikundi cha Faraja hufanyika nyumbani kwake, na kwamba sambusa hupita kwa viongozi, na kwamba wanaotoka kuwaogesha wagonjwa husimama barazani wakisubiri maelekezo, kwa kuwa mikono yao inanuka dawa. Akaacha kucheka. Lakini hilo hakuliandika kwenye daftari.

Ikaja Siku ya Asante. Huko Mabega hushukuriwa mara moja kwa mwaka, na hushukuriwa hasa. Mabega ndio waliokwenda kukata miti ya kusimamisha mahema. Mabega ndio waliopika, na Mabega ndio waliopanga viti, wakavibeba kutoka kilima cha pili. Mioyo walikaa mbele. Kazija aliwekwa nao, na soda yake. Hotuba zilikuwa kumi na moja, na zote zilikuwa nzuri. Mabega hawakuzisikia kwa kuwa walikuwa nyuma wakiosha masufuria, lakini kila hotuba ilipokwisha mtu alitumwa kuwaambia wapige makofi.

Kisha zikagawiwa fulana. Zote saizi moja, kubwa, zimeandikwa kifuani NABEBA KWA FURAHA. Nyamvula alivaa yake ikamfika magotini. Bega mmoja mnene hakuweza kuipitisha kichwani, akaivaa kama kilemba. Vyeti navyo vilikuwepo, vya karatasi nzito yenye maua pembeni, na vilitolewa kwa Mioyo, kwa kushukuru vizuri kupita mwaka uliopita.

Katikati ya hotuba ya tisa Bega mmoja alianguka jikoni, puu, na sufuria juu yake. Wenzake wanne wakamweka kwenye machela wakaondoka naye mbio. Mwinyikai alisimamisha hotuba, akaomba watu wote wasimame, akasema, kwa sauti inayotetemeka, "Mmeona? Hata leo, siku yao, hawakubali kupumzika." Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Jioni ile Nyamvula hakuinuka. Alishika nguzo, akajivuta, akafika nusu, akangoja kama kawaida yake, na nusu ya pili haikuja. Kazija alimshika kwapani akamlaza. Fundi wa mifupa alipokuja alimbonyezabonyeza chini ya mbavu, akasema neno moja tu: akibeba tena msimu huu wa mvua, hatasimama tena maisha yake. Akakusanya mafuta yake akaenda zake.

"Basi acha," alisema Kazija.

Nyamvula akacheka kwa uchungu. "Mwenzangu, huijui sheria ya kuacha?"

Kazija aliijua. Alikuwa ameiandika kwenye daftari siku ya nne, akaipigia mstari chini mara mbili, maana ilimvutia. Bega anayetaka kuacha husimama mbele ya watu wote na kutamka mara tatu: "Siwapendi watu." Basi. Hazuiwi, hapigwi, hafungwi. Anaenda zake. Ila kwa kuwa amekwisha kutamka kwamba hawapendi watu, watu nao hawana deni la kumpenda, na siku akiugua, hapandi machela ya mtu. Ndiyo maana hakuna anayeacha. Kazija, nisimfiche, alikuwa amefikiria namna ya kuipeleka sheria hiyo nyumbani, labda kwa maneno laini zaidi.

"Tamka tu," alisema sasa. "Maneno mawili, si sumu."

"Siwezi."

"Kwa kuwa hawatakubeba?"

"Hilo pia." Nyamvula alikuwa amelala akitazama dari. "Lakini si hilo hasa. Nawapenda, shoga. Hilo ndilo linaloniudhi. Yule babu wa jipu, jana kaniletea mayai. Nitasimama vipi mbele yake niseme simpendi? Nataka kusema nimechoka. Nimechoka na nawapenda. Kwa nini hakuna mahali pa kusema yote mawili?"

Palikuwa na upenyo mmoja. Katika sheria za zamani za Hiarini, zilizoandikwa kabla Mioyo hawajawa wengi, iko sehemu inayosema kwamba Baraza linaweza kumwachia Bega kwa heshima, na haki yake ya kubebwa ikabaki, kama atapatikana shahidi wa kuonyesha kwamba popote duniani aliwahi kuachiwa mtu namna hiyo na kikundi chake kisife. Sehemu hiyo haijatumika kamwe. Shahidi hajawahi kupatikana.

Nyamvula aligeuza kichwa. "Kwenu mtu akichoka inakuwaje?"

Kazija alikuwa anakoroga uji. Akaukoroga kwa muda. "Kwetu," alisema, "tunaelewana."

"Mnaelewana vipi?"

"Si tunazungumza tu. Kama watu wazima."

"Na anaenda?"

"Anaenda."

Nyamvula alimtazama kwa macho ambayo Kazija hakuwahi kutazamwa nayo na mtu yeyote katika wale ishirini na sita. "Basi kaseme hivyo Barazani," alisema. "Hayo hayo. Usiongeze kitu."

Baraza lilikaa siku tatu baadaye, asubuhi, kwenye ukumbi wao mrefu wenye sakafu ya udongo. Mwenyekiti alikuwa Bibi Somoe, mwanamke mkongwe kuliko wote, mdogo wa umbo, ambaye hakuwa Moyo wala Bega, ndiyo maana walimwekea kiti hicho. Pembeni yake alikaa Karani Ngwali na kitabu chake cha kumbukumbu. Nyamvula aliletwa kwa machela na Kitwana na wenzake, wakitembea miguu isiyolingana, na babu wa jipu akifuata nyuma kwa mkongojo. Wakamweka kwenye benchi. Ukumbi ulijaa Mabega. Kila mmoja alijua kwamba Nyamvula akipewa ruhusa, nao watapewa, siku zao zikifika.

Mwinyikai alizungumza kwanza. Alisema anampenda Bega Nyamvula kama dada yake. Alisema uchovu ni wa mwili, na chama hiki hakikuandikisha miili. Alisema mlango huu ukifunguliwa kwa mmoja, kesho machela zitalala chini na wagonjwa watakufa wakiwa wanaangaliana. Alikaa akijifuta uso.

"Mgeni," alisema Bibi Somoe. "Inuka, mwanangu. Umekuja kutoka mbali. Kwenu mtu akichoka mnamwachia?"

Kazija alisimama na daftari lake mkononi. Angeweza kusema "ndiyo" akakaa. Nyamvula alimwambia asiongeze kitu. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na kusema kwelikweli alikuwa mzungumzaji mzuri, na mzungumzaji mzuri akisimama mbele ya watu hawezi kusema neno moja.

"Tunamwachia," alisema. "Na kabla ya hapo tunamfundisha kazi, hatumtupi tu. Tunamlisha. Tunamuuliza hali yake kila juma, yeye, si mgonjwa tu."

Mabega wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Na baada ya kumwachia?" aliuliza Bibi Somoe. "Watu wanamwonaje?"

"Wanamheshimu. Anabaki wetu. Wakipata nafuu, wengine wanarudi wenyewe."

"Na kikundi hakifi?"

"Hakifi, bibi. Kinanenepa."

Mwinyikai aliinuka. "Sheria inataka mtu mmoja. Jina. Si hadithi."

"Zamzam," alisema Kazija, upesi, na jina lilikuwa la kweli. "Zamzam wa nyumba ya pili kutoka kwangu. Aliteguka mkono akimwinua mgonjwa. Akaja kwangu akaniambia, Bi Kazija, nimechoka na mkono unaniuma. Nikamwambia, mwanangu, umefanya makubwa, nenda kapumzike. Tukamchinjia kuku. Tukamshukuru mbele ya watu, na kila Ijumaa tunapita kumjulia hali."

Zamzam alikuwepo, na aliteguka mkono kweli. Alikuja siku ya Jumatano, akasimama mlangoni, mkono umefungwa kwa kanga. Kazija alikuwa anapanga ratiba ya wiki. Hakuinua kichwa. Alisema, "Jikaze mama, thawabu zako ziko mbele," akamwandika zamu mbili kwa sababu wengine walikuwa wametoroka. Zamzam alisema "haya." Ilikuwa miezi saba iliyopita, na Kazija hakumwona tena tangu siku ile, wala hakwenda kumtazama, ingawa ni nyumba ya pili.

Lakini ukumbini maneno yalikuwa yametulia vizuri. Bibi Somoe alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa mekundu, na Waangalizi wawili wa mlangoni wakatazamana, wasijue la kufanya, maana mwenyekiti hajawahi kuwekewa mti.

"Miaka sabini na sita nimeishi," alisema yule mkongwe, "sikuwahi kusikia jambo kama hilo. Kuku." Akatikisa kichwa. "Karani. Andika ushahidi wa mgeni. Ukikamilika, naachia."

Nyamvula alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Babu wa jipu alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti, akanyamazishwa.

Karani Ngwali hakuwa mtu mbaya wala mjanja. Alikuwa na kitabu chenye mistari, na kila mstari ulikuwa na mahali pa kujazwa, na yeye alikuwa mtu wa kujaza. Aliandika taratibu huku akijisomea. "Zamzam... nyumba ya pili... aliteguka mkono..." Kalamu ikasimama. "Upi?"

"Naam?" alisema Kazija.

"Mkono upi, mama? Wa kulia au wa kushoto? Hapa pana nafasi."

Kazija alifumbua mdomo. Aliutazama mkono wake mwenyewe wa kulia, ulioshika daftari. Akautazama wa kushoto. Akarudi kwenye wa kulia. Na Mabega wote wa Hiarini, waliojazana mpaka madirishani, wakayafuata macho yake, kulia, kushoto, kulia.

"Nyumba ya pili," alisema Bibi Somoe polepole. "Na kila Ijumaa mnapita."

"Wa kushoto," alisema Kazija, na alikuwa bado anautazama wa kulia.

Karani akaweka kalamu chini, nafasi ile hajaijaza.